Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Mji: Ufaulu umepanda, watoto wako wapi?

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Mji

Nakala: Afisa Elimu, Awali na Msingi, Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, Wenyeviti wa Kamati za Shule

YAH: UFAULU NA IDADI YA WANAFUNZI KATIKA SHULE ZA MSINGI ZA SERIKALI HAPA MJINI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, na nakuandikia hadharani kwa sababu njia ya ofisini nimeimaliza. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mwalimu mkuu. Ya pili kwa Afisa Elimu Kata. Ya tatu niliileta mwenyewe masjala ya ofisi yako, ikagongwa mhuri nikiwa nimesimama pale, na nakala yake ninayo. Nimefuatilia mara nne. Mara ya kwanza faili lilikuwa mezani kwa bosi. Mara ya pili bosi alikuwa Dodoma. Mara ya tatu mhusika alikuwa kwenye semina. Mara ya nne dada wa masjala, ambaye sina ugomvi naye hata kidogo, aliinamisha kichwa akaniambia kwa huruma, "Fundi, barua yako ina maswali mengi."

Ina maswali matatu. Kila shule ya msingi ya serikali hapa mjini iliandikisha watoto wangapi darasa la kwanza mwaka 2019? Kati ya hao, wangapi walifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2025? Na waliobaki wako wapi? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kumjibu mwananchi anayeomba taarifa. Siku hizo zilishapita, na hakuna aliyeniandikia hata kuniambia nisubiri.

Nieleze mimi ni nani. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi nashona sare za shule, mashati meupe na kaptula na sketi za bluu. Nimekaa kwenye kamati ya shule ya mtaa wetu kipindi kimoja. Mtoto wangu wa mwisho yuko darasa la tatu, dada yake amemaliza la saba mwaka jana. Ualimu sikuusomea. Lakini nina daftari la vipimo, na hilo daftari ndilo lililonianzishia haya yote.

Kila Desemba na Januari nawapima watoto wanaoingia darasa la kwanza. Mtoto wa umri ule anarefuka haraka, kwa hiyo naacha pindo refu, vidole vinne hivi, ili mwakani mama yake alete sketi niishushe badala ya kushona nyingine. Naandika jina, kiuno, urefu, na alama ya pindo. Wale niliowapima kwa ajili ya mwaka 2019 ndio waliopaswa kukaa kwenye mtihani wa darasa la saba Septemba 2025. Siku ya mahafali ya binti yangu nilikaa viti vya nyuma, naangalia watoto waliopangwa mistari kuimba, na kichwani nafunua daftari. Huyu nilimpima. Huyu naye. Yule sketi yake niliishusha mara mbili. Kisha nikaanza kuwatafuta ambao siwaoni. Usiku nilipofika nyumbani niliwasha taa ya chumba cha kazi, nikaweka nukta kwenye kila jina ambalo sikuliona pale uwanjani. Nukta zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea, na nyingi ziliangukia wale ambao pindo lao halikurudi kushushwa hata mara moja.

Nakiri mapema kwamba daftari la fundi si takwimu. Kuna wanaovaa sare za kaka zao, kuna wanaonunua za dukani, na kuna waliohamia kwa fundi mwenzangu wa stendi kwa sababu ya bei. Ndiyo maana niliandika kuuliza. Daftari la kweli lipo kwenu.

Yanayonisumbua ni haya.

1. Asilimia mnayotangaza inawahesabu waliofika, haiwahesabu walioanza.

Kwenye kikao cha wadau wa elimu mwezi Januari tulisomewa kwamba ufaulu wa darasa la saba umepanda. Tukaambiwa tupige makofi ya kilo, tukapiga, mimi nikiwemo. Sina shaka na hesabu iliyosomwa. Nina shaka na tulichoambiwa kwamba inaonyesha.

Kufaulu ni kupata daraja A, B au C, na asilimia inapatikana kwa kuwagawa waliofaulu kwa waliofanya mtihani. Tuseme shule moja, ya mfano tu, iliandikisha watoto 100 darasa la kwanza. Baada ya miaka saba waliokaa kwenye chumba cha mtihani ni 60, na waliofaulu ni 51. Ubaoni itaandikwa asilimia 85, na mwalimu mkuu atapewa cheti. Lakini katika kila watoto 100 waliopelekwa pale na mama zao siku ya kwanza, waliotoka na matokeo hayo ni 51. Mwaka unaofuata wakifika 50 badala ya 60, na wakafaulu 45, asilimia itakuwa 90. Ufaulu umepanda, na waliofaulu wamepungua sita.

Naijua hoja ya mtu wa takwimu, kwamba wapo wanaohamia kutoka kwingine, wapo waliokariri darasa la nne baada ya upimaji wa kitaifa kwa hiyo watamaliza mwaka mmoja baadaye, na wapo waliofariki, Mungu awarehemu. Ni kweli. Ndiyo maana sikuuliza idadi peke yake. Niliuliza na walikokwenda.

2. Majina yanakatwa kwenye daftari la mahudhurio, watoto hawatafutwi.

Nilipokuwa kwenye kamati niliwahi kufunuliwa daftari la mahudhurio la darasa la tano. Jina, halafu mstari wa wino mwekundu umelikata kutoka kushoto hadi kulia, pembeni neno moja: "mtoro". Ukurasa uleule, chini kidogo, mstari mwingine: "amehama". Amehamia wapi? Hakuna. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba mzazi hakuja kuchukua uhamisho. Sasa kama mzazi hakuchukua uhamisho, aliyeandika "amehama" alijuaje?

Mmoja wa waliokatwa namfahamu. Yuko kijiwe cha bodaboda karibu na kibanda changu, anaosha pikipiki. Anashika dumu la maji na kitambaa, anasugua rimu hadi zinang'aa, na wakati mwingine anakuja kwangu kuomba vipande vya vitambaa vilivyobaki. Siku moja nilimuuliza aliacha lini shule. Akasema hakuacha, alikuwa anaumwa malaria wiki mbili, aliporudi akakuta wenzake wameanza mtihani, akaona aibu, akasubiri wiki iishe, na wiki ikaisha na nyingine. Hakuna aliyekwenda kwao. Nyumbani kwao na shuleni si mwendo wa nusu saa kwa mguu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimu mtoto kuandikishwa na kuhudhuria shule ya msingi mpaka amalize, na ndiyo hiyo wanayotusomea watendaji wa mitaa wanapotutisha wazazi. Basi isomwe pande zote. Mpango wa MEMKWA ulianzishwa kwa ajili ya watoto waliokosa au waliokatiza elimu ya msingi, na hapa mjini sijasikia mzazi aliyeelekezwa darasa lake liko wapi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, warudi shule. Hilo nalo kwenye mikutano ya mtaa wetu halijatangazwa hata mara moja, wakati matangazo ya kodi ya majengo tunayasikia kwa kipaza sauti asubuhi na jioni.

3. Darasa la kwanza na la pili ndipo tunapowapotezea.

Hapa naomba uvumilivu wako, Ndugu Mkurugenzi, maana kwa maoni yangu hili ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mwanangu alianza darasa la kwanza Januari 2024, mwaka ule mtaala mpya ulipoanza. Wiki ya pili nilimpelekea daftari alilolisahau. Nikasimama mlangoni. Madawati yalikuwa mbele, watoto wanne na watano kwa kila moja, na nyuma ya madawati sakafu yote ilikuwa watoto. Nilianza kuhesabu vichwa. Nilipopita mia nikachanganyikiwa, maana wa sakafuni hawatulii. Mwalimu alikuwa mmoja. Alikuwa amesimama kwenye nafasi ndogo mbele ya ubao, na kila alipotaka kumfikia mtoto wa nyuma alivua viatu, akapita juu ya miguu yao kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Madaftari yaliyosahihishwa na yasiyosahihishwa yalikuwa dirishani, yamepandana, na upepo unayafunua. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45.

Yule mama mwalimu simlaumu kwa lolote. Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshakimbia.

Siku hiyohiyo nilipita darasa la saba. Walikuwa wanakaa watatu kwa dawati, wana mwalimu wa kila somo, na jioni wanabaki kambi. Mitihani ya majaribio inachapishwa, rimu zinachangwa, mwalimu mkuu anaingia mwenyewe kufundisha Hisabati. Nguvu yote ya shule ipo pale, kwa sababu pale ndipo shule inapopimwa, na pale ndipo na wewe unapopimwa na mkoa.

Lakini mtoto anayefika pale bila kujua kusoma hatafundishwa kusoma kambini. Nitakupa mfano wa jirani. Mtoto wao yuko darasa la nne. Nilimpa kitabu chake cha Kiswahili anisomee, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, mama yake akatabasamu. Nikaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa, nikamuuliza hili ni neno gani. Aliangalia juu ya ukurasa, akaanza tena sentensi ya kwanza kwa sauti ya chini, akawa anasogeza macho neno kwa neno mpaka akafika kwenye kidole changu, ndipo akalitamka. Alikuwa amekariri. Mama yake akaacha kutabasamu.

Mtoto huyo akibahatika kupita la nne, atafika kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mtihani huo mpaka sasa kwa sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua. Atapewa fomu na penseli, atafundishwa kusiliba vizuri bila kutoka nje ya duara. Kusiliba anaweza. Miaka ya mwanzoni mwa 2010 nchi nzima ilishtuka kusikia kuna watoto wamechaguliwa kidato cha kwanza na hawajui kusoma wala kuandika. Ndipo mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukawekewa mkazo wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Uamuzi mzuri. Ila KKK haifundishwi kwa kuwavuka watoto.

Na wale wasioshika kusoma ndio wanaoacha. Wengi, kwa ninavyowaona mtaani, wanaachia kati ya la tatu na la tano. Mtoto asiyejua kusoma darasa la tano anakaa kila siku kwenye chumba ambacho kila kitu kimeandikwa. Mimi nisingekaa.

4. Walimu wanaondolewa shule zetu kupelekwa shule ya kulipia ya halmashauri.

Halmashauri imefungua shule yake ya mchepuo wa Kiingereza, ya ada. Siipingi. Kama inaleta mapato na kuna wazazi wanaoweza, heri yao. Ila walimu waliokwenda kuianzisha hawakushuka kutoka mbinguni. Wametoka kwenye shule zetu, na waliochaguliwa ni wale wanaojulikana kwa uhodari. Shule ya mtaa wetu ilipoteza mwalimu wa darasa la pili ambaye wazazi tulikuwa tunagombania watoto wetu waangukie mkondo wake. Nafasi yake ilikaa wazi, ikazibwa na kijana wa kujitolea ambaye nauli yake tunachangia sisi, akapata ajira kwingine, akaondoka, ikabaki wazi.

Matokeo yake unayaona kwenye idadi. Mzazi mwenye uwezo kidogo anaona shule ya mtaa haina walimu, anajibana anamhamisha mtoto kwenda ya ada, yenu au ya mtu binafsi. Anayehamisha mara nyingi ndiye aliyekuwa anakuja vikao vya wazazi, anauliza, anakagua madaftari. Shule inabaki na watoto ambao wazazi wao hawawezi kuhama na hawana muda wa kuuliza. Halafu kwenye kikao tunaambiwa wazazi wa shule za serikali hawashiriki.

5. Fedha zinafuata idadi, lakini idadi ipi?

Kwa ufupi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ikaja elimumsingi bila malipo, ambapo serikali inapeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja shuleni. Kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinakwenda shuleni. Hiyo ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kiwango hicho cha 10,000 ni cha tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, na bei ya chaki ya mwaka 2002 wewe na mimi tunaikumbuka. Hilo si kosa lako.

Lililo juu yako ni hili: ruzuku inagawiwa kwa idadi ya walioandikishwa, sifa inagawiwa kwa idadi ya waliofanya mtihani. Kama mtoto wa kijiwe cha bodaboda bado yumo kwenye orodha ya ruzuku, basi analeta shilingi 500 kila mwezi kwenye shule asiyoikanyaga. Kama hayumo, basi kuna mtu alimtoa na anajua tarehe aliyomtoa. Simtuhumu mtu kwa wizi. Nasema orodha mbili za watoto walewale ziwekwe meza moja zisomwe pamoja.

6. Mwaka 2027 uko mlangoni.

Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Waliokuwa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, na mwaka huohuo waliokuwa mbele yao watamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Mwanangu yuko nyuma yao kwa miaka miwili, atazikuta shule bado zimejaa. Mji wetu una shule za sekondari za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sijasikia mpango. Naogopa, na hili ni wazo langu tu, kwamba njia rahisi ya kukabiliana na mafuriko hayo ni kuacha wengine wapotee kabla hayajafika.

Ndugu Mkurugenzi, najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nilishapewa mdomoni kwenye korido.

Nitaambiwa wazazi hawana mwamko. Wapo, sikatai. Nina majirani ambao Jumatatu ya mnada mtoto haendi shule, anakwenda kushika mbuzi. Lakini mwamko haukupungua kati ya darasa la kwanza na la tano. Mama aliyekopa kwangu sare ya darasa la kwanza, akalipa kidogo kidogo mpaka Aprili, alikuwa na mwamko. Tuulizane ulikwenda wapi.

Nitaambiwa watoto wamehama na wazazi wao, mji wetu ni wa wapita njia. Sawa. Siku hizi kila mwanafunzi ana namba yake kwenye PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, na akihama namba inamfuata. Aliyehama anaonekana kule alikohamia. Asiyeonekana popote hakuhama. Kazi ya kulijua hilo ni ya mtu mmoja na kompyuta moja, na intaneti ya ofisi yako naiona inafanya kazi.

Nitaambiwa walimu wanapangwa na TAMISEMI, halmashauri haina mamlaka. Kuajiri, kweli hamna. Kumtoa mwalimu shule hii kwenda ile ndani ya halmashauri mnayo, na mmeitumia hivi karibuni kwa shule ya ada. Msawazo ule ule ufanyike kurudi nyuma.

Na nitaambiwa kwamba fundi anatumiwa na wanasiasa. Hili silijibu. Uchaguzi umeshapita, na aliyekuwa akinituma angekuwa amenilipa angalau nauli za kuja masjala.

Ninachoomba ni mambo manne, na nimejitahidi yawe ya kutekelezeka bila kusubiri bajeti mpya.

Kwanza, ndani ya siku 30 tangu leo, kila shule ya msingi ya serikali hapa mjini ibandike kwenye ubao wake wa matangazo idadi ya walioandikishwa darasa la kwanza mwaka 2019, waliofanya mtihani mwaka 2025, waliofaulu, waliohama na shule walikohamia kwa idadi, waliokariri, na wasiojulikana walipo. Majina ya watoto yasibandikwe, idadi inatosha. Na kuanzia sasa, popote asilimia ya ufaulu itakapotajwa kikaoni, namba hizo zitajwe pamoja nayo.

Pili, Afisa Elimu afanye msawazo wa ndani ili darasa la kwanza na la pili katika kila shule yapate walimu kwa kufuata kiwango, au angalau yagawanywe zamu ya asubuhi na mchana mpaka vyumba vipatikane. Mwalimu bora wa shule awekwe darasa la kwanza. Najua hilo litawashangaza walimu wakuu. Waelezwe kwamba halmashauri itawapima pia kwa watoto wangapi wanajua kusoma wakimaliza la pili, ili wasiogope kupoteza cheti cha la saba.

Tatu, watendaji wa mitaa, kamati za shule na walimu wa zamu wapewe orodha ya wasiojulikana walipo, wapite nyumba kwa nyumba. Kwa mtaa wetu nitakwenda nao mwenyewe. Darasa la MEMKWA lifunguliwe hata moja, katikati ya mji, na litangazwe kwa kipaza sauti kilekile cha kodi ya majengo.

Nne, uitishwe mkutano wa hadhara wa wazazi kuhusu mwaka 2027 na 2028, siku ya Jumamosi, maana si siku ya mnada, na wewe mwenyewe uwepo.

Nimeshasema kwamba barua yangu ya tatu iko masjala, na ina jina langu na namba ya simu, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kuanza kuuliza vijiweni ni fundi gani huyu. Kibanda changu kinajulikana. Siku ya 31 nitakuja ofisini kwako asubuhi, na safari hii nitakuja na daftari la vipimo la mwaka 2019. Nimeomba ruhusa kwa wazazi niliowafikia. Yale majina yenye nukta tutayasoma moja moja, wewe ukiwa na PREM mbele yako na mimi nikiwa na daftari langu, na pale nitakapokuwa nimekosea nitaifuta nukta mbele yako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi cherehani, mzazi wa darasa la tatu na mjumbe wa zamani wa kamati ya shule